Somo la Ijumaa na Jua la Same

Eliakunda Abednego alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea sayansi ya mimea, alipokutana na neno ujasiriamali kwa mara ya kwanza. Mwaka ulikuwa 1994. Tangazo lilibandikwa ukutani nje ya maktaba, limepigwa kwa taipu ambayo utepe wake ulikuwa umekwisha wino, likisema kwamba kila Ijumaa alasiri kutakuwa na somo la ujasiriamali kwa wanafunzi wote wa shahada ya kwanza, wa kitivo chochote, na kwamba somo hilo halitahesabiwa kwenye matokeo ya digrii.

"Uja-nini?" aliuliza Leticia, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja bwenini. "Na maksi hawatoi? Sasa atakwenda nani?"

Eliakunda alilisoma tangazo tena, akaandika namba ya chumba kwenye kiganja cha mkono.

"Mimi," alisema.

Alikuwa na sababu zake. Miezi miwili kabla ya hapo alipokea barua kutoka kwa baba yake, mzee Abednego, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa huko kwao Myamba, juu kabisa ya milima ya Upare wa kusini. Mzee alikuwa amepima na kupanga kahawa ya watu kwa miaka ishirini na miwili. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda mlima na malori yao, ushirika ukapwaya, na makarani wakaanza kupunguzwa. Barua ilikuwa fupi, kwa mwandiko ule ule mzuri wa kikarani: "Nimo katika waliopunguzwa. Usiache masomo. Ukimaliza utapata kazi serikalini na mambo yatakaa sawa."

Alichokuwa hajakijua mzee ni kwamba hata huko serikalini mlango ulikuwa umefungwa. Zamani mhitimu alimaliza mtihani wa mwisho akakuta jina lake limeshapangwa wizara fulani, mkoa fulani. Sasa waliomaliza mwaka uliotangulia walikuwa bado wanazungukazunguka chuoni na bahasha zao za kaki, wakiomba kulala chini katika vyumba vya wadogo zao. Eliakunda aliwaona kila siku. Hakuogopa, maana woga haukuwa tabia yake, lakini aliona wazi kwamba kama kuna mlango mwingine ni vema aanze kuutafuta mapema.

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Miaka ile ya shida, wakati duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na vyungu vichache vya udongo, wakati watu walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, mama yake alikuwa akiteremka Ndungu, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga, kubadilishana ndizi na mchele. Eliakunda alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake ndiye aliyegundua kwamba mtoto huyu akiachwa aongee yeye, kikapu cha ndizi kilirudi na mchele mwingi zaidi. "Wewe simama mbele," alikuwa akimwambia kwa Chasu, lugha ya kwao, "mimi nitabeba." Akasimama mbele. Hakuna aliyeliita jambo hilo elimu.

Basi Ijumaa hiyo alikwenda. Chumba kilijaa, watu arobaini hivi, wengi wakidhani watafundishwa namna ya kupata mikopo kutoka kwa wafadhili. Mwalimu alikuwa Dakta Benedikto, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa ametoka kusoma nje na kukuta nchi aliyoiacha imebadilika. Hakuwa na vitabu. Alikuwa na chaki.

"Sina mikopo," alisema kabla hata ya salamu kuisha. "Sina mfadhili. Cheti pia sina cha kuwapa. Nitawafundisha kutazama, kuuliza, kupiga hesabu na kukubali mlipokosea. Asiyetaka anaweza kuondoka sasa, sitamfikiria vibaya."

Wiki iliyofuata walikuwa ishirini na watano. Kufikia Pasaka walibaki kumi na mmoja, na Eliakunda alikuwa mmojawao. Walijifunza mambo ambayo katika vitabu vyao vya kitivo hayakuwamo: namna ya kuongea na mteja bila kumwekea maneno mdomoni, tofauti ya kitu ambacho watu wanakisifu na kitu ambacho wanakinunua, sababu za duka moja kudumu na la jirani kufa. Mara moja Dakta aliwapeleka sokoni Kariakoo wakakaa kutwa nzima na muuza nyanya, wakakatazwa kuuliza swali lolote hadi saa tisa. Leticia alicheka sana aliposikia. "Digrii ya nyanya," alisema.

Likizo ndefu ya mwaka 1995 ilipokaribia, Dakta aliwapa kazi.

"Rudini kwenu. Tafuteni kitu kimoja ambacho watu wanakihangaikia kila siku, na wewe unaweza kuwapunguzia. Anzeni na mlicho nacho nyumbani. Mkirudi sitauliza mmepata faida gani. Nitauliza mmekosea wapi, na mmefanya nini baada ya hapo."

Eliakunda alishuka kwenye basi mjini Same saa nne asubuhi, jua tayari likiwaka kama linataka kulipwa. Same ipo chini ya milima, upande ule ambao mvua huupita bila kusalimia. Juu kabisa unaona misitu na ukungu, chini unaona vumbi na miiba. Lori la kwenda Myamba lingeondoka mchana, kwa hiyo aliingia kwenye kibanda cha chai pale stendi, akakaa kwenye benchi.

Mwenye kibanda aliitwa Bi Salha. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Same hapo hapo, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokaa kando ya barabara hiyo tangu enzi za misafara. Mume wake alikuwa mnunuzi wa ngozi, na alipofariki alimwachia nyumba yenye uwanja mpana nyuma, mahali ngozi zilipokuwa zikianikwa. Eliakunda alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa chai. Kisha akaona kitu kilichomfanya asahau kunywa. Bi Salha alikuwa anachota tangawizi kutoka kwenye kikopo chenye maandishi ya kigeni.

"Mama, hiyo tangawizi inatoka wapi?"

"Ng'ambo huko. Siku hizi madukani kila kitu kinatoka ng'ambo, mwanangu. Miaka ile tuliitafuta hata ya dawa hatukuipata. Sasa imejaa, ila bei yake!"

"Lakini tangawizi inalimwa kwetu Myamba. Imejaa mpaka inaoza."

Bi Salha alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna mto nyuma ya nyumba yake. "Inaletwa mbichi," alisema. "Nikinunua mbichi leo, baada ya siku chache imenyauka au imeota. Nisage saa ngapi, na abiria wana dakika kumi basi liondoke? Niletee iliyokauka, nyeupe, safi, isiyo na mchanga. Nitanunua kwako siku hiyo hiyo. Na wenzangu wote wa stendi watanunua."

Eliakunda alipanda lori kichwa kikimzunguka kwa furaha. Alikuwa amefundishwa kutazama, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa mezani mbele yake.

Myamba alipokelewa kwa shangwe na mama yake, na kwa ukimya na baba yake. Mzee Abednego alikuwa amekonda. Kila asubuhi alivaa shati lake la kazini, akalifunga vifungo hadi juu, halafu akakaa barazani kusikiliza redio. Jioni ile Eliakunda alipoeleza mpango wake, mzee aliizima redio.

"Tangawizi," alisema.

"Ndiyo, baba. Kuikausha na kuisaga."

"Mama," alisema mzee, maana ndivyo alivyomwita binti yake, aliyerithi jina la bibi yake mzaa baba, "nimekusomesha mpaka chuo kikuu uje uuze tangawizi? Hilo hata asiyejua kusoma anafanya."

"Hakuna anayelifanya, baba. Ndiyo maana Same wanakunywa ya kopo."

Mzee aliwasha redio.

Mama yake alimpa magunia mawili ya tangawizi kutoka shambani, na kazi ikaanza. Waliosha, wakakwangua maganda kwa kijiko, wakakata vipande vyembamba, wakavitandaza juu ya mikeka uani. Siku ya kwanza ukungu ulishuka saa nane mchana. Siku ya pili ulishuka saa sita. Siku ya tatu mvua nyepesi ilinyesha wakakimbiza mikeka ndani, na siku ya tano Eliakunda aliokota kipande akakuta kimeota manyoya ya kijani. Kuvu. Yeye, msomi wa mimea, alikuwa ameifuga kuvu kwa mikono yake mwenyewe, na aliweza hata kuitaja kwa jina lake la kisayansi. Jina halikumsaidia kitu.

Majirani walipita wakatazama. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba ndiyo sababu wao huuza mbichi kwa bei yoyote anayotaja mwenye lori. Hapa milimani kitu hakikauki, labda juu ya moto, na juu ya moto kinanuka moshi.

Alikaa siku nzima akiwa amenuna. Kesho yake alichukua lori kushuka Same kumwambia Bi Salha kwamba imeshindikana. Lori liliposimama Ndungu kupakia, aliteremka kunyoosha miguu. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa akikusanya mpunga kutoka kwenye turubai.

"Umeuanika lini, mama?"

"Asubuhi hii."

Eliakunda alichukua punje akaiuma. Ilikatika kwa mlio. Alisimama pale na punje mdomoni mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Kosa lake lilikuwa la kijinga na rahisi: alikuwa amejaribu kufanya kazi yote mahali pamoja. Milima ina tangawizi lakini haina jua. Chini kuna jua la kumwaga na hakuna anayelitumia. Njia ya lori ilikuwa inaviunganisha kila siku, na watu wote, pamoja na yeye, walikuwa wakipita juu yake bila kuliona jambo hilo.

Alipofika Same hakusema kwamba imeshindikana.

"Bi Salha," alisema, "ule uwanja wako wa ngozi unautumia kwa kazi gani?"

"Mbuzi wa jirani wanalala."

"Nikikuomba tuutumie mimi na wewe, tukagawana kitakachopatikana?"

Bi Salha aliosha vikombe vinne kabla ya kujibu. "Mbuzi hawajawahi kunilipa," alisema. "Lete."

Walitengeneza vichanja kwa miti na chandarua kipya ili tangawizi isiguse ardhi wala kupata vumbi. Mama yake Eliakunda alikuwa anaiosha na kuikwangua huko juu, kwenye maji mengi, na kuipakia asubuhi. Jioni iko Same imekatwa na kutandazwa. Kwa siku tatu za jua la Same vipande vilijikunja, vikawa vyeupe, na ukikivunja kimoja kilitoa mlio kama kijiti. Bi Salha alikinusa, akafumba macho. "Hii," alisema, "hiyo ya kopo ikaoge."

Sasa ilibaki kusaga. Mwenye mashine ya kusaga mahindi alikuwa Nassoro, mtu wa utani mwingi na haraka nyingi. Eliakunda alimwendea Jumamosi alasiri wateja walipopungua.

"Mashine yangu inasaga kinachoingia," alisema Nassoro. "Leta."

Wakasaga debe tatu. Unga ulitoka laini, wa rangi ya maziwa yenye majani kidogo ya chai, na mtaa mzima ukanukia. Eliakunda alifagia mashine, akapitisha pumba kidogo kuisafisha, akaridhika. Jumapili alilala usingizi mzuri kuliko siku zote za likizo.

Jumatatu asubuhi mashine ilisaga mahindi ya nusu ya mji kama kawaida. Jumatatu mchana nusu ya mji ikala ugali unaowasha ulimi.

Watu walirudi mashineni na mabakuli yao. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto anayelia, mdomo mwekundu. Baba mmoja, kibarua wa shamba la mkonge aliyetoka mbali na aliyekuwa na siku moja tu ya kununua chakula chake cha wiki, alisimama na mfuko wake wa unga mkononi. Nassoro alikuwa amesimama mlangoni akiapa kwamba hajui, labda ni mahindi yenyewe ya msimu huu, labda ni dawa za wadudu. Neno dawa lilipotajwa watu walianza kupandisha sauti.

Eliakunda alifika mbio kutoka uwanjani kwa Bi Salha. Angeweza kurudi. Baadaye alikiri kwamba kwa kitambo kidogo miguu yake ilifikiria kurudi. Badala yake alipanda kwenye ngazi ya mashine.

"Ni mimi," alisema. "Jamani, nisikilizeni. Si dawa, na Nassoro hana kosa. Ni tangawizi. Nilisaga hapa Jumamosi, nikadhani nimesafisha, kumbe sikusafisha vya kutosha. Haimdhuru mtu, lakini ni kosa langu. Kila aliyeharibikiwa aniambie nyumba yake iko wapi. Nitamletea unga mwingine."

"Wa kutoka wapi?" aliuliza yule kibarua.

"Wa kwetu. Nyumbani kuna mahindi. Wewe nitakuletea wa kwanza."

Ilimchukua wiki nzima. Mama yake aliteremsha mahindi kutoka Myamba bila kuuliza maswali mengi, yakasagwa kwenye mashine nyingine upande wa pili wa mji, na Eliakunda akatembea nyumba kwa nyumba na mfuko kichwani, akibisha hodi, akiomba radhi, akipokea unga ule wa kuwasha na kutoa mzuri. Wengine walimfokea. Wengine walimpa maji ya kunywa. Jua lilimchoma mpaka Bi Salha akamwambia anageuka kipande cha tangawizi.

Siku ya nne alibisha hodi kwa mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Sharifa.

"Nimekuja kubadilisha unga, mama. Samahani sana kwa usumbufu."

"Hubadilishi," alisema Sharifa. "Huo hauondoki hapa. Binti yangu amejifungua juzi. Tumempikia uji wa unga ule, ameunywa bakuli mbili, na kabla ya hapo alikuwa anakataa kila kitu. Mimi nilitaka kujua unauza wapi."

Eliakunda aliweka mfuko chini. Wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, hupikiwa uji wa viungo karibu kila nyumba ya Same. Kila familia hutwanga pilipili manga yake na kuchanganya yenyewe, kwa shida, katika siku ambazo nyumba ina kazi nyingi kuliko mikono. Hakuna aliyekuwa akiuza unga uliochanganywa tayari.

"Bado siuzi," alisema. "Lakini niambie, mama, ungependa uwe na viungo gani?" Akatoa kalamu. Sharifa akakaa kizingitini akamweleza kwa saa nzima, na majirani wawili wakaja kumsahihisha.

Nassoro hakumruhusu tena kuikaribia mashine yake, na kwa hilo Eliakunda hakumlaumu. Walirudi kwenye kinu na mchi. Bi Salha aliwakusanya wanawake watatu wa mtaani, wakatwanga na kuchekecha kwa kitambaa chembamba, polepole, lakini kwa usafi. Kabla likizo haijaisha walikuwa wanauza vifuko vya aina mbili: tangawizi ya chai kwa vibanda vya stendi, na unga wa uji wa wazazi, ambao ulipita kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa maneno ya wanawake tu.

Jambo moja lililobaki lilikuwa baba. Lilimalizika bila hotuba. Asubuhi moja Eliakunda alikuwa Myamba na mama yake wakipakia magunia, wakichanganya tangawizi nene na nyembamba, changa na iliyokomaa. Mzee Abednego alikuwa barazani na shati lake la vifungo. Alivumilia, akavumilia, kisha akasimama.

"Nani kawafundisha kupanga hivyo?"

"Hakuna, baba."

"Ndiyo nimeona." Alikunja mikono ya shati. "Hii haiwezi kukauka sawa na hii. Hii ni gredi ya kwanza. Hii ya pili. Hii msipeleke kabisa, mtajiharibia jina. Mnataka watu wa Same waseme Myamba hatujui mali?" Akainama juu ya gunia, na vidole vilivyokuwa vimepanga kahawa miaka ishirini na miwili vikaanza kazi. Redio iliendelea kuongea peke yake barazani mpaka betri zikaisha.

Chuoni, mwezi wa kumi, wale kumi na mmoja walisimama mmoja mmoja mbele ya Dakta Benedikto. Kijana mmoja alieleza mpango wa kuingiza magari yaliyotumika kutoka nje, umechorwa vizuri kwa rangi. Mwingine alikuwa amefuga kuku, wakafa, akakaa chini kwa aibu. Dakta alimsimamisha tena na kumwambia aeleze walivyokufa, siku kwa siku, na maelezo hayo yalikuwa ya manufaa kuliko magari yote. Eliakunda alisimulia kuvu, kisha mashine, kisha nyumba arobaini na moja alizobisha hodi. Alipofika kwenye ugali, darasa lilicheka mpaka machozi. Dakta hakucheka.

"Leo ni Ijumaa," alisema. "Wewe uko hapa. Huko Same sasa hivi kuna nini?"

"Sasa hivi Bi Salha anageuza vichanja. Lori la jana lilileta gunia nne. Baba amezipanga."

"Na usiporudi kabisa?"

Eliakunda alifikiri. Hakutaka kujibu kwa kupendeza tu. "Tangawizi itaendelea," alisema. "Unga wa wazazi utasimama, kwa sababu vipimo vya kuchanganya viko kichwani mwangu na sijamfundisha mtu."

"Hapo ndipo ulipokosea kosa lako la tatu," alisema Dakta, akaandika kitu kwenye daftari. Jioni hiyo hiyo Eliakunda aliandika vipimo vyote kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha wazi, vijiko na vibaba, akampa kondakta wa basi la Same ampelekee Bi Salha.

Alihitimu mwaka 1996. Leticia, baada ya kuhangaika na bahasha mwaka mzima, alipata kazi kwenye shirika moja la hiari, na ni yeye aliyemtafutia Eliakunda nafasi hapo hapo: afisa wa mazingira, meza, kiti, mshahara wa kila mwezi. Eliakunda alikwenda kwenye usaili. Walimpenda. Alikaa na barua ya ajira wiki moja, akaijadili na mama yake, na Bi Salha, na hata na baba yake, ambaye miaka miwili kabla angecheza ngoma kwa barua ya namna hiyo.

"Uamuzi ni wako," alisema mzee Abednego. "Ila ukienda, niambie nani atanunua gredi ya pili. Nina wakulima kumi na tisa wananiuliza."

Aliijibu barua kwa adabu, akawashukuru, akakataa. Watu wengi walimwona amerukwa na akili, na kwa muda hata yeye aliamka asubuhi nyingine akijiuliza. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilikata barabara ya mlimani, lori halikupita kwa majuma matano, na Same yenyewe, kwa mara ya kwanza watu wanakumbuka, ilikosa jua. Walipoteza karibu msimu wote. Lakini kufikia wakati huo alishajua kukosa kulivyo, na aliwaeleza wakulima ukweli wote mkutanoni, na barabara ilipofunguka hakuna hata mmoja aliyempelekea mnunuzi mwingine mzigo wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Walijenga banda lenye paa la kupitisha mwanga uwanjani kwa Bi Salha, wakanunua mashine yao ndogo ya kusaga viungo, isiyoguswa na hindi hata punje moja. Vifuko vyao vilifika Moshi na Tanga. Bi Salha alikiacha kibanda cha chai akawa msimamizi, akaenda Maka kwa jasho lake, na aliporudi hakuacha kugeuza vichanja kwa mkono wake.

Mwaka 1999 somo la Dakta Benedikto liliingizwa rasmi kwenye digrii, na wanafunzi wakatakiwa kufanya mazoezi kwa wajasiriamali waliokwisha anza. Watatu walipangiwa Same. Walishuka kwenye basi na viatu vya kung'aa, wakamwamkia Eliakunda, wakauliza ofisi iko wapi. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye lori la Myamba, akawapa kazi ya kukubaliana bei na wakulima wenyewe, bila yeye kuwepo.

Walirudi baada ya siku mbili. Walikuwa wamenunua gunia nane kwa bei ya gunia kumi, na wakaongezewa mkungu wa ndizi ambao hawakuuomba.

"Tuliongea na mama mmoja," alijitetea mmoja wao, kijana aliyeitwa Hezroni. "Alianza kwa kusema yeye hajui hesabu."

"Mrefu, na kanga ya njano?"

"Ndiyo, dada. Unamfahamu?"

"Ni mama yangu," alisema Eliakunda. "Kesho mtapanda tena. Safari hii mwacheni aongee mpaka amalize, ndipo na nyinyi mseme."